Breki ya Mbele ya Pikipiki: Jua Unachonunua Kabla ya Kuibadili

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wamiliki na waendeshaji wa pikipiki ndogo katika Milima ya Usambara, hususan wale wanaopandisha na kushuka kila siku kati ya Mombo, Soni na Lushoto, au wanaotoka hapo kuelekea Magamba, Mlalo, Mtae na Bumbuli. Waendesha bodaboda, ambao siku hizi huitwa pia maafisa usafirishaji, wametuuliza mara nyingi swali moja: je, inafaa kuondoa breki ya dramu ya gurudumu la mbele na kufunga breki ya diski? Wenye pikipiki za michezo zenye diski tayari huuliza kama wafunge diski kubwa zaidi. Maswali haya ni ya kiufundi na ya kibiashara kwa wakati mmoja, kwa sababu anayebadili breki hununua bidhaa na huduma ambazo ubora wake hauonekani kwa macho hadi siku atakapozihitaji.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini mteremko mrefu huchosha breki;
(b) kutofautisha breki iliyochakaa na breki isiyotosha;
(c) kutambua vipuri vinavyopaswa kubadilishwa pamoja;
(d) kumhoji muuzaji na fundi kabla ya kulipa, na
(e) kudai haki yake endapo kazi haikufanywa ipasavyo.

Mteremko na joto

Mombo iko chini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Lushoto mjini iko juu yake kwa takriban mita 1,000, na barabara inayounganisha miji hiyo kupitia Soni ina urefu unaozidi kidogo kilomita 30, nyingi zikiwa ni kona zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Msafiri wa basi huiona barabara hiyo kuwa ni mandhari. Kwa breki, hiyo ni kazi ya kumeza joto.

Tuchukue mfano. Pikipiki yenye uzito wa kilo 120, pamoja na dereva, abiria mmoja na mzigo wa mboga, huweza kufikisha jumla ya kilo 300. Uzito huo ukishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kupotezwa njiani inafikia takriban jouli milioni 3. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji ya baridi. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine huchukuliwa na injini endapo dereva ameweka gia ndogo. Yote inayobaki hugeuka joto ndani ya breki mbili zenye ukubwa usiozidi kiganja cha mkono.

Hapo ndipo tofauti ya dramu na diski hujitokeza. Katika breki ya dramu, viatu vya breki (mafundi wengi huviita breki shuu) husukumwa kutoka ndani na kusugua ukuta wa ngoma iliyofungwa. Joto hukosa njia ya haraka ya kutoka. Ngoma inapopata moto hutanuka na kuukimbia ule utando unaosugua, na dereva hulazimika kuvuta mkono wa breki mbali zaidi ili apate nguvu ileile. Utando wenyewe ukizidi kiwango cha joto unaouhimili, msuguano wake hupungua. Dereva atakuwa ameanza safari Lushoto akiwa na breki nzuri, na akifika chini ya Soni atajikuta na breki nyingine.

Diski iko wazi. Hewa huipoza inapozunguka, maji ya mvua huondoka haraka, na inapotanuka haizikimbii pedi zinazoibana kutoka pande mbili. Kwa sababu hiyo diski huvumilia mteremko mrefu kuliko dramu ya kiwango kama chake. Hata hivyo, diski ina udhaifu wake: hutegemea mafuta ya breki, na mafuta hayo yakichemka hutengeneza mvuke. Mvuke hubanwa kirahisi, hivyo mkono wa breki huingia hadi kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo.

Breki ya mbele na hofu yake

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito husogea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani, la nyuma huwa jepesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo, na kwenye mteremko sehemu hiyo huongezeka. Pamoja na ukweli huo, baadhi ya waendeshaji huiachia breki ya mbele ilegee, na wengine huikata kabisa wakiamini kwamba “inaangusha”.

Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Breki ya mbele ikishikwa ghafla juu ya changarawe, tope au kwenye kona, gurudumu hujifunga na pikipiki huanguka. Tiba yake ni kuibana hatua kwa hatua, chombo kikiwa kimenyooka, kabla ya kuingia kona. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake kutoka Lushoto hadi Mombo huipa breki moja ndogo karibu joto lote la safari.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linahusu fedha za mlaji. Mtu asiyetumia breki ya mbele hatafaidika kwa kununua iliyo bora zaidi. Aidha, mtu aliyezoea dramu iliyolegea akifunga diski kali pasipo mazoezi, anaweza kuanguka siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: rejesha breki uliyonayo

Pikipiki nyingi za kazi zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, huuzwa zikiwa na matoleo tofauti. Baadhi yana dramu mbele na mengine yana diski. Kabla ya kufikiria kubadili, hakikisha dramu uliyonayo inafanya kazi kama ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi tatizo ni uchakavu, na gharama ya kuuondoa ni ndogo ikilinganishwa na mabadiliko kamili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwombe fundi akague mambo yafuatayo ukiwa umesimama naye:

1. Unene wa utando wa viatu vya breki. Sahani nyingi za dramu zina mshale unaoonyesha kikomo cha uchakavu pindi breki inaposhikwa. Mshale ukifika kwenye alama ya mwisho, badilisha viatu vyote viwili kwa pamoja.

2. Kipenyo cha ndani cha ngoma. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa kwa kawaida huchongwa kwenye habu. Ngoma iliyokwanguka kupita kipimo hicho haiponi kwa kuwekewa viatu vipya.

3. Waya wa breki. Waya uliochanika nyuzi, uliopinda au wenye kutu hula nguvu ya mkono kabla haijafika gurudumuni. Waya mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu vinavyoleta nafuu kubwa.

4. Mkono wa ngoma. Breki ikiwa imeshikwa, pembe kati ya mkono huo na waya isizidi nyuzi 90. Ikizidi, nguvu hupotea hata kama nati imekazwa.

5. Mchezo wa mkono wa usukani. Fuata kitabu cha pikipiki; kwa nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono. Gurudumu lizunguke bure breki ikiachiwa.

6. Taa ya breki, beringi za gurudumu na tairi. Breki haiwezi kuzidi uwezo wa tairi kushika barabara. Tairi lililokwisha kashata hutereza chini ya breki yoyote.

Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Utando wa asili isiyojulikana huenda una asbesto, ambayo huharibu mapafu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Baada ya matengenezo hayo, shuka njia yako ya kawaida kwa gia ileile ambayo ungeitumia kupanda. Usizime injini na usiachie nyutro kwa lengo la kubana mafuta. Punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia breki ipoe; kuishikilia kidogo kidogo kilomita nzima huijaza joto. Ukiona mkono unaingia mbali kuliko kawaida au unasikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na usubiri. Usimwagie maji breki yenye moto, kwani chuma huweza kupinda au kupasuka.

Endapo breki iliyorejeshwa inatosha kwa safari zako, huna sababu ya kununua nyingine. Endapo bado inachoka kwa mizigo na miteremko unayoibeba kihalali, endelea na sehemu inayofuata.

Kutoka dramu kwenda diski: nunua mfumo mzima

Kosa tunaloliona kuwa la hatari kuliko yote ni kununua breki vipande vipande. Mlaji huuziwa diski na kalipa, kisha fundi hutafuta namna ya kuvishikiza. Shokapu ya mbele iliyoundwa kwa ajili ya dramu haina masikio ya kufungia kalipa. Ina mahali pa kuzuia sahani ya dramu isizunguke, na haikupimwa kubeba kalipa upande mmoja. Kinachofuata ni kuchomelea kipande cha chuma kwenye shokapu.

Tunashauri kwa msisitizo: usikubali shokapu ichomelewe. Mirija ya chini ya shokapu mara nyingi ni ya aluminiamu, na joto la kuchomelea huudhoofisha mrija wenyewe. Breki ikishikwa kwa nguvu, mzigo wote wa kusimamisha pikipiki hupita kwenye weldi hiyo. Ikikatika, kalipa huweza kuingia kwenye spoku na kulifunga gurudumu papo hapo.

Njia salama ni kutumia sehemu ya mbele ya toleo la pikipiki ileile lililotoka kiwandani na diski. Orodha kamili inayopaswa kuwapo ni hii:

– shokapu za mbele zenye masikio ya kalipa, pande zote mbili zikiwa jozi;
– gurudumu au habu yenye nafasi ya diski, pamoja na ekseli na vizibo vyake;
– diski yenye unene unaozidi kipimo cha chini kilichochongwa juu yake;
– kalipa, pini zake na pedi mpya;
– masta silinda ya usukani pamoja na mkono wake na swichi ya taa ya breki;
– hozi ya breki yenye urefu sahihi, boliti zake na waya au kifaa cha spidomita kinachoendana na gurudumu jipya.

Masta silinda na kalipa vinapaswa kulingana, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 12.7 ina eneo la takriban milimita za mraba 127. Yenye kipenyo cha milimita 14 ina eneo la takriban 154. Ukibana mkono kwa nguvu ileile, masta kubwa huzalisha shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 18. Mkono utakuwa mgumu na mfupi, dereva ataudhani kuwa imara, lakini breki itakuwa dhaifu. Kinyume chake, masta ndogo mno ikiunganishwa na kalipa kubwa, mkono utaingia hadi kwenye usukani kabla pedi hazijabana ipasavyo. Hivyo basi, neno la muuzaji kwamba masta fulani “ni kubwa zaidi” halitoshi kuwa sifa.

Jina la pikipiki nalo halitoshi. Nchini India, kanuni zilizoanza kutumika kikamilifu Aprili 2019 zilizitaka pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 ziwe na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, na zisizozidi hapo ziwe na breki zinazofanya kazi kwa pamoja au mfumo huohuo. Matoleo yanayouzwa nje ya India si lazima yafanane na hayo. Kipuri kinachoandikwa jina la pikipiki yako kinaweza kuwa cha toleo la soko jingine. Linganisha namba ya kipuri, mwaka na namba ya chesesi.

Pikipiki za michezo zenye diski tayari

Mwenye pikipiki kama TVS Apache au Bajaj Pulsar, ambazo zina diski mbele, ana njia fupi zaidi. Tunapendekeza afuate mpangilio huu, akijaribu breki baada ya kila hatua na kusimama pale atakaporidhika.

Kwanza, badilisha mafuta ya breki. Mafuta ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa, na Usambara ina ukungu na mvua za kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selisiasi. Yakishafyonza maji kwa kiwango cha kipimo, ukomo huo hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 vipimo hivyo ni 205 na 140. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha masta silinda, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mafuta ya injini, ya haidroliki au maji ya sabuni huharibu mfumo wa breki, na tahadhari hii ni muhimu hata pale fundi anaposema ni ya muda tu.

Pili, safisha kalipa, lainisha pini zake kwa grisi inayofaa, na weka pedi bora. Kalipa iliyokwama upande mmoja hula pedi moja na kuacha nyingine.

Tatu, badilisha hozi ya mpira iliyozeeka. Hozi iliyosukwa kwa nyuzi za chuma haitanuki kwa urahisi, hivyo shinikizo la mkono hufika kwenye kalipa.

Nne, na mwisho, fikiria diski kubwa. Kutoka kipenyo cha milimita 240 hadi 260 huongeza nguvu ya kusimamisha kwa takriban asilimia 8 hadi 10, pamoja na uwezo zaidi wa kumeza joto. Lakini huhitaji kishikizo kipya cha kalipa kilichotengenezwa kwa vipimo, na shokapu zinazoweza kuhimili. Pikipiki yenye mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga isibadilishwe diski wala masta bila maelekezo ya mtengenezaji, kwani mfumo huo hupimwa kwa vipuri vyake.

Kununua vipuri na kuchagua fundi

Vipuri vingi vinavyofungwa Lushoto hununuliwa Tanga au Kariakoo, Dar es Salaam, na kutumwa kwa basi. Mnunuzi hulipa kwa simu kabla ya kuona mzigo. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

Dai picha ya kipuri chenyewe, namba yake na pande zote za kifungashio kabla ya kutuma fedha. Kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba kisipolingana kitarudishwa, na nani atalipa nauli ya kurudisha. Hifadhi ujumbe huo pamoja na risiti ya kielektroniki.

Usiridhike na nembo peke yake. Herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba, huashiria kwamba pedi zimeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, mghushi anaweza kuchapa alama hiyo pia. Angalia maandishi yenye makosa, utando unaomeguka pembeni, pedi mbili zisizolingana unene na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine.

Kuhusu vipuri vilivyotumika, shokapu na gurudumu kutoka pikipiki iliyopata ajali zinaweza kuwa zimepinda. Zungusha shokapu juu ya kioo au meza tambarare. Pedi, mafuta, hozi na mipira ya ndani ya kalipa visinunuliwe vikiwa vimetumika.

Kwa fundi, uliza maswali manne. Je, umepata mafunzo, kwa mfano ya VETA? Utatumia sehemu za toleo gani? Boliti za kalipa utazikaza kwa kipimo gani, na kwa spana gani? Ukimaliza, tutajaribu wapi? Fundi mwenye ujuzi hatakasirishwa na maswali haya. Mwambie akupe bei ya vipuri na ya ufundi kila moja peke yake, na akurudishie vipuri vya zamani vyote.

Pikipiki ya mkataba, dhamana na bima

Waendeshaji wengi hutumia pikipiki ya mkataba: hupeleka hesabu kwa mmiliki kila siku au kila wiki hadi muda utimie ndipo pikipiki iwe yao. Kabla ya siku hiyo, chombo bado ni mali ya mwingine. Mwendeshaji akibadili breki kwa fedha zake bila ridhaa, mambo mawili yanaweza kutokea. Mkataba ukivunjika, breki mpya hubaki na mmiliki. Ajali ikitokea, mmiliki hudai kwamba chombo kilibadilishwa bila yeye kujua. Andikeni karatasi fupi inayoeleza kitakachobadilishwa, nani analipa, na vipuri vya zamani na vipya ni vya nani. Iwe na saini za wote wawili na shahidi.

Kwa upande mwingine, mmiliki asidhani kwamba breki mbovu ni mzigo wa dereva peke yake. Anayempa mwenzake chombo cha biashara kishuke Soni kila siku ana wajibu wa kukitoa kikiwa salama.

Kama pikipiki bado iko chini ya dhamana ya muuzaji, uliza kwa maandishi iwapo mabadiliko yataiathiri. Iarifu kampuni ya bima pia. Mwonyeshe mkaguzi wa magari wa polisi kazi iliyofanyika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kiwe katika hali salama, na ni heri kasoro ionwe na mkaguzi kuliko kuonwa na abiria.

Siku ya kukabidhiwa

Usilipe salio kabla ya kufanya majaribio haya:

1. Pikipiki ikiwa imesimama, bana mkono kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Usizame taratibu na usiwe laini kama sifongo. Ukiwa laini, kuna hewa ndani. Fundi atoe upepo upya.

2. Kagua maungio yote kwa kitambaa cheupe. Mafuta yoyote yanayoonekana ni sababu ya kukataa kazi.

3. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha kandamiza shokapu. Hozi isivutwe, isibanwe wala isiguse tairi.

4. Inua gurudumu na ulizungushe. Lizunguke bure baada ya breki kuachiwa. Hakikisha spidomita na taa ya breki vinafanya kazi.

5. Jaribu kwanza mahali tambarare pasipo magari, kwa mwendo mdogo, bila abiria wala mzigo. Pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski: punguza mwendo mara 20 hadi 30 kutoka takriban kilomita 40 kwa saa, kwa kubana polepole, ukiacha muda wa kupoa kati ya mara moja na nyingine.

Usianze kwa kushuka Mombo. Safari za siku za kwanza ziwe fupi na nyepesi, kisha mrudishie fundi akague ukazaji wa boliti.

Haki zako endapo mambo yameenda kombo

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na inaweka masharti ya msingi ambayo huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa. Bangili la maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” lililobandikwa ukutani halifuti haki ya mtu aliyeuziwa kipuri bandia kwa jina la halisi.

Anza kwa muuzaji au fundi mwenyewe. Eleza kasoro kwa maandishi, ambatisha risiti na picha, na taja unachotaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipojibu, afisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto au ya Bumbuli anaweza kukuelekeza. Malalamiko ya bidhaa bandia na upotoshaji hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Usitupe kipuri kibovu. Ndicho ushahidi wako.

Mambo ya kukumbuka

Breki ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi mteremkoni. Itumie na uitunze. Rejesha uliyonayo kabla ya kununua nyingine. Ukibadili, nunua mfumo unaolingana kutoka kwa toleo moja, na usiruhusu shokapu ichomelewe. Pata ridhaa ya mmiliki kwa maandishi. Jaribu mahali tambarare kabla ya kulipa salio.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dramu iliyopata moto humlazimu dereva kuvuta mkono wa breki mbali zaidi?
2. Fundi anapendekeza masta silinda kubwa ili “breki iwe kali”. Utamjibu nini?
3. Taja vipuri vinne vya breki visivyopaswa kununuliwa vikiwa vimetumika.
4. Wewe ni mwendeshaji wa pikipiki ya mkataba iliyobakiza miezi mitano. Karatasi ya makubaliano na mmiliki itakuwa na mambo gani?
5. Chukua pikipiki unayoitumia na uikague leo kwa hatua sita za kurejesha breki, au, ikiwa ina diski, kwa majaribio manne ya kwanza ya siku ya kukabidhiwa. Andika ulichokiona, na usiteremke na abiria kabla kasoro haijaondolewa.